Mzambarau Namba Saba

Walinipa kopo la rangi nyekundu na brashi.
Hesabu miti yote ndani ya uzio, wakasema,
kota za zamani, Keko, kabla katapila halijaingia.
Miarobaini mitatu. Mjohoro uliooza kiuno.
Mikungu miwili, ilipandwa na mtu aliyependa mistari.
Kisha huu.

Niliuzungushia futikamba yangu ya ushonaji
kama ninayempima mteja gauni.
Haikufika. Nikamwita Mlekwa, mlinzi, aweke kidole ilipoishia.
Futikamba mbili na shubiri mbili.
Nikaandika 7 juu ya gome.
Rangi ilichuruzika, saba ikaota ndevu.

Mimi nakaa Tandika, chumba kimoja.
Mwenye nyumba hapokei mwezi kwa mwezi,
anataka miezi sita mkononi,
na miezi sita kwa kibarua
ni kuuza kitu kila Januari na kila Julai.
Friji ilienda. Cherehani ikaifuata;
futikamba ndiyo niliyobaki nayo.
Mvua ikinyesha tunalala kwa zamu upande usiovuja.
Kwa hiyo usinihubirie kivuli.
Kivuli hakina komeo.
Kivuli hakina choo cha ndani.

Nyumba zitakazojengwa: mia na ishirini.
Jina langu kwenye orodha: la mia na kumi na tano.
Nililihesabu mara nne,
kama mtu anayehesabu chenji gizani.

Injinia Rwechungura alitandaza ramani juu ya boneti.
"Jengo la pili limekalia mizizi ya saba.
Tukilisogeza, linaziba mtaro.
Tukilikata ubavu, mti unabaki,
nyumba nane zinaondoka."
Nane aliitamka kama bei ya fungu la nyanya.
Nikatoa kimoyomoyo. Mia na kumi na mbili.
Nikatoa tena.

"Wewe ndiye uliyeupima. Una uozo?"

Ilikuwa Februari, saa nane mchana,
bati la ofisi yetu likilia tak, tak.
Mlekwa alikuwa amelala chini ya saba,
kofia usoni, mbu wala jua havimhusu.
Nikamkumbuka Siwema, binamu yangu,
aliyepata nyumba kwenye maghorofa mapya:
anasema ukuta wake unarudisha jua usiku kama deni,
watoto wanahama na kivuli cha tangi la maji,
saa tano huku, saa tisa kule.
Niliyakumbuka hayo, ndiyo,
na nikakumbuka pia sufuria tunazotega matone.
Una uozo: maneno mawili.
Nani angepanda kuhakiki?

"Mzima," nikasema. "Mzima mpaka juu."

Haukuwa ushujaa. Ulinitoka kama chafya.

Orodha ilibandikwa Ijumaa.
Wa mwisho ni Asteria Komba, simjui,
namwombea kitasa kisichosumbua.
Wanangu niliwaambia tumekosa kidogo,
mkubwa akauliza, kidogo kiasi gani?
Nikamwonyesha vidole vitatu.

Sisemi naupenda ule mti.
Kuna asubuhi naulaani kwa namba yake.
Lakini siku ile, nikiikunja ramani,
ndipo nilipoyaona maegesho:
magari arobaini, yamechorwa vizuri,
kila moja na nafasi yake,
kila moja na upana wa kitanda cha sita kwa sita na kabati juu.
Hakuna aliyeyazungushia futikamba.
Hakuna aliyeuliza kama yana uozo.
Nilitaka kusema. Injinia alishawasha gari.

Nikaokota zambarau tatu za mwisho wa msimu,
nikazipangusia kanga, nikazila nimesimama.
Chachu, zinakaba koo.
Ulimi ulikuwa wa zambarau hadi Tandika,
na mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni,
akaniuliza nimekula nini.
Nikamwambia: kodi.